Chozi wa Baridini Uani Kwetu

Mgololo, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya Uyole? Sisi huku wazima, na harufu ya kiwanda cha karatasi nimeshaizoea.

Uliniuliza habari za baba mkwe. Mama, nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Tangu tumzike mama mkwe, na mume wangu Ambakisye amlete mzee hapa kwetu, alikuwa akila matonge mawili tu na kurudi chumbani. Begi lake hakulifungua. Kila jioni alimwambia mwanawe, "Nirudishe Tukuyu," na huko nyumba ni tupu. Nilitaka sana abaki, lakini ningemwambiaje? Unawajua Wanyakyusa wa zamani: mke hamtazami baba wa mumewe wala hasemi naye. Chakula nilikuwa naweka mlangoni, napiga hodi, natoroka kama mwizi.

Sasa sikia. Nimetundika uani kifuniko chekundu chenye maji ya sukari, wale ndege wadogo, chozi, waje kunywa. Jana Ambakisye akiwa zamu kiwandani, akaja mmoja wa ajabu: kijani kinachong'aa, mkia mrefu, mdomo umepinda. Mama, ndege mzuri yule, hadi nikasahau ugali jikoni! Kwenye simu nilikuwa nimesoma kwamba wako wa aina mbili wanaofanana. Wa kawaida ana manyoya ya njano kwapani. Yule adimu, wa huko juu kwenye baridi kama Kitulo, ana mekundu. Kutoka jikoni nilimwona mgongo tu. Nikajisemea kwa sauti, "Njano au nyekundu, jamani?"

Dirishani kwa mzee kukasikika kikohozi.

"We jogoo," akasema, na kweli jogoo alikuwa pale anachakura, "mwambie huyo wa jikoni kwapa ni jekundu. Jekundu kabisa!"

Kisha nikajibu, "Jogoo, muulize mzee kama ana uhakika."

"Jogoo, mwambie nimechunga ng'ombe huko juu nikiwa mdogo. Huyu namjua. Ila huku chini siyo kwake."

Nikajikaza, Mama, nikasema: "Jogoo, mwambie hapa anapendwa. Abaki tu."

Mara ndege akainua mabawa, na ule wekundu ukawaka juani. Mzee akasahau kila kitu, akatoka mbio bila viatu. Tukawa uso kwa uso! Nikavuta kanga kichwani, nikageuka nikimbie.

"Tulia, mwanangu, utamtisha," akanong'ona.

Nikachuchumaa palepale, macho chini. Kisha nikainua macho kidogo, tukamtazama wote mpaka akaruka zake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na sijui kama nasema ndege au uso wa yule mzee. Ugali uliungua, na akala wote.

Usimwambie shangazi, atasema nimevunja mila. Nisalimie baba, na kaka anayepakia viazi pale sokoni, mwambie simu yake huwa haipatikani.

Begi la mzee bado lipo palepale, nalichungulia kila nikifagia. Lakini leo asubuhi amekuja mlangoni pa jikoni, akanipa mgongo kwa heshima, wala hakumtafuta jogoo.

"Mwanangu," akasema, "kile kifuniko kimekauka."

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Tumaini