Nimemtoa binti kwenye gari ili cherehani ipate nafasi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ingawa kusema kweli wanaohitaji msaada ni familia yangu, mimi niko sawa. Ni fundi wa viti vya magari, karakana sikurithi kwa mtu, nilianza na sindano ya mkono chini ya turubai, na leo nina gari langu la viti saba ambavyo vyote nimevivika ngozi mpya mwenyewe. Sasa binti yetu mkubwa amepata kazi ng'ambo, likizo hii ya kiangazi ikiisha anaondoka, na mama yake akasema kabla hajapanda ndege tufanye safari moja sote pamoja, mwezi mzima, tupite mikoa mitano, tulale nyumba za wageni, tuone maziwa na milima kama watu wengine. Nikakubali, maana mimi si mbaya kama ninavyosemwa. Nikapanga njia, nikapiga hesabu ya mafuta kwa kila kilomita, nikaweka kituo cha choo kila baada ya saa tatu, atakayebanwa kabla ya hapo ajilaumu mwenyewe na chai yake.

Lakini wewe niambie, mtu mwenye akili timamu anapitaje mikoa mitano mikono mitupu? Kila mji nina wateja, wenye mabasi, wenye teksi, miaka yote wananiita, fundi njoo viti vimechanika, basi nikawapigia nikawaambia nakuja, mimi nitashona, familia itaona hayo maziwa, nani anapata hasara hapo? Ila cherehani ya ngozi ni nzito, na marobota ya ngozi hayaingii kwenye buti, ndiyo nikafungua kiti cha nyuma. Kimoja tu, mshauri. Vikabaki sita, na sisi ni saba, kwa sababu mama mkwe naye anakuja, nilijaribu kumshauri apumzike nyumbani, akasema hajachoka.

Asubuhi ya kupakia, binti akachungulia ndani. "Baba, mimi nakaa wapi?"

Nikamwambia, "Wewe mwanangu ni mtu mzima, utapanda basi, tutakutana huko huko. Nauli ipo."

Akabeba begi lake akarudi ndani. Mama mkwe akasema, "Mkwe, ungefungua na changu, nikabaki naye." Mke wangu ndiye akamalizia: "Baba watoto, safari ya kumuaga mtu, halafu mtu mwenyewe ndiye umemshusha?" Wakashusha mizigo yao yote. Wiki imepita, cherehani imekaa garini peke yake kama bosi, na binti ananiamkia shikamoo kwa adabu nyingi mpaka tumbo linaniuma. Niwaelezeje hawa watu waelewe hesabu?

Fundi niliyeonewa

*

Fundi uliyeonewa,

Pole sana. Pole kwa kuwa na binti anayetaka kupanda gari la baba yake, ni mtihani mkubwa huo. Hesabu yako haina kosa, saba kutoa mmoja ni sita, nakupa alama zote. Umekosea tu wa kumtoa.

Tuelewane. Ulichopanga si safari ya familia, ni ziara ya kikazi iliyombeba mama mkwe. Naelewa kwamba aliyeanza na sindano ya mkono hawezi kuona gari likitembea bure bila kuumia, na kwa hilo sikucheki. Lakini umetoka chini ya turubai ili nani akae kwenye viti hivyo, cherehani? Nadhani pia umeogopa. Mwezi mzima bila kushona, ungebaki na kazi moja tu, kumtazama mtoto anayeondoka. Hilo tumbo limeshaelewa, kilichobaki ni kichwa.

Ukimaliza kusoma hapa, toka nje ushushe hiyo cherehani. Rudisha kiti, kaza nati mwenyewe, na binti akuone ukikaza. Kisha mwombe radhi kwa maneno machache, na humo usitaje mafuta wala nauli. Mwezi mmeshaumega, kwa hiyo acheni habari ya mikoa mitano, mwache yeye achague miwili au mitatu. Akae mbele karibu yako, mkeo hatakasirika. Akisema simama, simama, hata kama ni kupiga picha ya mbuzi.

Na wateja wako? Waambie viti vitakuwa tayari kesho. Ninyi mafundi mmezoea kutuambia hivyo hata pale ambapo hamjasafiri popote, na sisi tumezoea kusubiri. Ndege ya binti yako haijazoea.