Kamati ya Wanaonidai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umepata kiti cha dirishani kama unavyopenda, na kwamba goti lako halikusumbui kwa kukaa muda mrefu. Usishtuke kupewa bahasha na kondakta. Ni mtu mwema, na katika mji huu mzima ni yeye peke yake ambaye mimi simdai wala yeye hanidai. Nilimwambia atakutambua kwa mfuko uliopakatwa ambao mwenyewe hataki kushikiwa. Nikamwomba akupe barua hii mkishakula, pale basi linaposimama katikati ya safari, maana nakujua, ukisoma kabla hutakula.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Wifi yako ni mzima. Watoto ni wazima pia, na tangu jana wanagombania nani atakupokea mzigo. Mimi mwili hauna neno, shida yangu haiko mwilini.

Kuhusu barua ile nyingine, iliyokufanya upande basi hili, nitaifikia. Niache kwanza nianzie mbali, kwa sababu nikianza na mwisho utadhani nimerukwa na akili, na tukiwa uso kwa uso sitaweza kusema hata nusu yake.

Unaijua biashara yangu ya kukodisha viti na maturubai. Ulikuwa ukinitania kwamba mimi ndiye mtu pekee unayemjua anayelipwa ili wengine wakae. Ilikuwa inatulisha vizuri, sitaki kuisema vibaya. Kilichoniponza ni tamaa ya turubai kubwa, lile jeupe lenye madirisha. Fundi alinishonea kwa mkopo, mwenye gari akawa ananibebea nguzo kwa mkopo, mwenye duka la jumla akanipa viti vipya kwa mkopo, na mama anayenifulia vitambaa vya viti nikawa namwambia kila wiki kwamba wiki ijayo nitamlipa. Harusi ya pili tu, upepo ukalinyanyua turubai, ukalipasua katikati, na nguzo moja ikaangukia gari la mjomba wa bibi harusi. Hakuumia mtu. Ila gari lilikuwa jipya, na mjomba hakuwa mtu wa utani.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Nikawa nakopa kwa huyu nimtulize yule, na kwa yule nimtulize huyu, mpaka nikasahau nani nilimwambia uongo gani. Nilikuwa nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga ili nisipite mbele ya duka. Watoto niliwafundisha kusema baba ameenda msibani na viti, kwa kuwa kazi yangu inaruhusu. Walisema hivyo mara nyingi hata mwenye duka akauliza kama kuna ugonjwa umeingia mjini ambao yeye hajausikia. Wifi yako alicheka siku hiyo. Baadaye hakucheka tena.

Ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye ofisi ya ushauri wa madeni, chumba kimoja juu ya duka la dawa, chenye meza mbili na feni isiyozunguka. Mshauri ni binti ambaye ningeweza kumzaa, lakini alinisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu yake, na hakunisema. Aliniambia niache kukopa, hata kama ni pesa ya chumvi. Akasema kodi ya nyumba na chakula cha watoto vitangulie, na kinachobaki nikigawe kwa wote, hata kama kila mmoja atapata kidogo mpaka aone aibu kukipokea. Kisha niende kwa kila anayenidai, mmoja mmoja, nyumbani kwake au kazini kwake, nimwambie ukweli na nimwahidi kile tu ninachokiweza. Hilo la mmoja mmoja alilirudia. Niliitikia kwa kichwa, tukashuka ngazi, na wifi yako akanishika mkono tena njiani kama zamani.

Sasa dada, mimi nimefanya kazi ya shughuli za watu tangu ujana. Sijawahi kuona jambo zito likisemwa bila turubai. Kubisha hodi mlango kwa mlango, nikirudia aibu ile ile kila nyumba, nilijipima nikaona siwezi. Nikasema moyoni, si niwaite wote siku moja, niseme mara moja, yaishe. Nikafunga turubai dogo uani kwetu. Nikapanga viti kwa mistari, nikavivalisha vitambaa vyeupe, vile vile ambavyo mama wa watu alivifua na hajalipwa. Halafu nikaona wageni hawawezi kukaa vinywa vikavu, nikaenda kuchukua kreti mbili za soda dukani, kwa mkopo. Mwenye duka alinipa bila kinyongo, kwa kuwa na yeye alikuwa amealikwa.

Walikuja wote, tena wamependeza. Fundi turubai alikuja na mkewe, wakidhani naozesha binti. Nilisimama mbele nikasema ukweli wote kama nilivyoshauriwa, na nadhani nilisema vizuri, maana mke wa fundi alipiga makofi. Kumbe hakuna aliyekuwa anajua habari za mwenzake. Kila mmoja alijiona yuko peke yake, na kwamba siku yoyote zamu yake itafika. Walipogeuka kutazamana kwenye vile viti vyangu ndipo nilipojua nimeharibu, lakini soda zilikuwa zimeshafunguliwa.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Mwenye duka alisimama akanishukuru kwa kuwakutanisha, na kabla jua halijazama walikuwa wameshaunda kamati. Yeye ndiye Mwenyekiti. Mwenye gari ni mhazini. Fundi ni msimamizi wa mali, yaani viti vyangu. Walipokosa mtu mwenye mwandiko unaosomeka wa kuwa katibu, wakamchagua wifi yako. Mimi nilipewa karatasi ya kusaini, kwamba biashara iko mikononi mwao mpaka deni liishe. Nikasaini, kwa sababu wote walikuwa wananitazama na kalamu ilikuwa yangu.

Tangu hapo wanakutana kwetu kila Jumamosi, chini ya turubai langu, kwenye viti vyangu. Simu yangu anakaa nayo mhazini kwa kuwa oda zinaingia humo, ndiyo maana ukipiga inapokelewa na mtu mwenye sauti nzito anayekwambia niko kazini. Kweli niko kazini. Nabeba viti, nafunga kamba, nafungua kamba, na jioni napewa nauli ya kurudi kwangu. Mambo yetu ya ndani wanayajadili nikiwa nimekaa pale pale. Viatu vya shule vya mtoto wa mwisho vilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko sisi wazazi wake tulivyojadili kumzaa. Mwenyekiti alitaka visubiri, fundi akasema vya sasa vinaingiza maji, wakapiga kura. Viatu vilipita kwa kura moja, ya wifi yako. Mimi sina kura. Wanapoondoka wananiaga kwa heshima zote, wananiita mwenyeji.

Usije ukamkasirikia wifi yako. Nilimlaumu mara moja, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aolewe anajua wiki itaishaje. Anaandika, anasoma alichoandika, wanaitikia, na nyumba ina unga. Naona hata anasimama tofauti siku hizi.

Mama wa vitambaa yeye hukaa mstari wa nyuma na hasemi kitu. Deni lake ndilo dogo kuliko yote. Jumamosi moja kamati ikaamua kwamba kwa sababu ni dogo, atalipwa mwisho. Binti wa ushauri angekataa, nina hakika, lakini hakuwepo. Yule mama hakubisha. Alinyoosha tu kwa kiganja kitambaa cha kiti kilichokuwa mbele yake, palipokunjamana, kama mtu aliye kazini. Dada, iliniuma vibaya sana. Nikasimama bila kuruhusiwa, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna dada yangu amestaafu, kiinua mgongo chake kinatoka mwezi huu. Nilitaka aondoke na neno la kumfariji, basi. Sikuwa nimepanga lolote. Mwenyekiti ndiye aliyegeuka akaniuliza, kwa upole kabisa, kwamba dada huyo amefanya kazi miaka mingapi.

Kwa hiyo barua ile uliyoipata si yangu. Maneno ni ya Mwenyekiti, mwandiko ni wa wifi yako, changu ni jina la chini tu. Hakuna tawi jipya, hakuna faida ya kugawana. Hao washirika wanaokualika uingie nao ubia kwa fedha taslimu ndio hao wanaonidai. Hilo neno mshirika lilimpendeza sana Mwenyekiti, akaomba liongezwe mahali pengine pawili. Sherehe ya kukukaribisha ipo kweli, turubai limeshafungwa, na wewe umewekewa kiti cha mbele chenye mto. Hati ya ubia nayo ipo tayari juu ya meza.

Najua kilichomo kwenye huo mfuko. Ni vile vyumba vyako viwili unavyotaka kujenga. Umepika shuleni umri wako wote, umewalisha watoto wa watu mpaka wakawa wakubwa, na umeishi kwenye chumba kimoja cha kupanga ambamo kila nilipokuja ulinipa kitanda ukalala kwenye mkeka. Ulinionyesha kiwanja chako, ukasimama kwenye majani na kuniambia dirisha litakuwa hapa, ili asubuhi upate jua ukiwa unakunywa chai. Nilisimama nawe pale. Sisemi kwamba nilisahau. Nilikumbuka wakati naisaini barua ile, na bado niliisaini. Na kibaya zaidi, ambacho wifi yako hakijui, ni kwamba baada ya kusaini nilijisikia nafuu. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu turubai lipasuke. Nimejionea haya tangu siku hiyo, lakini haya haijanisaidia kufanya chochote.

Nimejaribu. Juzi niliazima simu ya kondakta nikakupigia nikiwa nimeshapanga maneno yote. Ukapokea kwa furaha, ukaanza kunieleza habari za sanduku jipya ulilonunua, na kwamba umemwambia mwenye nyumba wako kuwa mdogo wako amefanikiwa. Nikakwambia usafiri salama. Jana nikapanda zile ngazi za duka la dawa. Yule binti aliposikia kwamba niliwaita wote pamoja alishika kichwa, nikamwona akihangaika asicheke na asilie. Alisema karatasi niliyosaini inaweza kupingwa, na kwamba fedha zako hazina uhusiano wowote na deni langu, mradi mimi mwenyewe nisimame mbele yao niseme hapana. Nikamwomba aje anisemee hilo neno. Akasema kila kitu kingine anaweza kunisaidia, ila hilo hawezi. Nimelisema njia nzima kurudi nyumbani. Nilipofika uani nikamkuta Mwenyekiti anapanga viti, akaniomba nimshikie upande mmoja, nikashika.

Basi nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya tiketi, mchana wa siku moja kabla ya safari yako, na kondakta ananisubiri nimalize ili basi lije huko kukuchukua. Ukirudi nyumbani nisalimie mwenye nyumba wako, na usimweleze lolote, mwache abaki na habari zile nzuri. Wapishi wenzako wa shuleni pia wape salamu zangu. Watoto wanakusalimu sana. Wifi yako angekusalimu kama angejua naandika.

Tutakuwa kituoni jioni hii unayofika. Mwenyekiti atakuwepo, mhazini atakuwepo na gari lake la kukubebea sanduku, na watoto watakuwa na maua. Mimi nitakuwa nimevaa lile shati la bluu uliloninunulia, na nitakuwa natabasamu, maana ilishapitishwa kwamba nitabasamu. Usishuke, dada. Kondakta amekubali ukae kwenye kiti chako mpaka basi ligeuze, halafu urudi nalo, na nauli hataki. Funga dirisha, geukia upande mwingine, usinipungie hata mkono. Nitasema sijui kilichotokea, na watanifanya watakachonifanya, nimeshazoea.

Ila ukishuka, sitakurudisha. Nimejipima, najijua sasa. Nitakuamkia, nitakupokea mfuko, na Mwenyekiti akinyoosha mkono nitampa aushike.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama