Sukuma ya Baba

Lamadi,
19 Agosti 1995

Mpendwa Kaka Masunga,

Mwangaluka! Habari za Mtwara na joto lake? Wifi Specioza na watoto hawajambo? Na kile kikohozi chako kimepona, au bado unakifuga kama ng'ombe? Sisi wazima, ila si wote, na ndiyo maana naandika.

Huku biashara imefunguliwa. Malori ya barafu yanafika mpaka ufukweni kununua sangara, na kila mwenye mbao mbili anajiita tajiri. Mdogo wetu Maduhu naye alipata mashua ya tanga. Ilipoanza kuvuja aliung'oa mlingoti, akaiziba, kisha akamwita Constantine, fundi kutoka Ukerewe, wausimamishe tena. Baba alikuwa amekuja kutoka Nkololo kututazama. Unalijua jicho lake: nguzo ya zizi ikipinda kidogo tu, hapati usingizi.

Basi akasimama mchangani kuwaelekeza. Mlingoti ulikuwa umeinama kidogo kusini. Baba akapaza sauti, "Sukuma! Sukuma kidogo!" Wewe ungeelewa: ulete kaskazini. Constantine hajui kwamba kwa Kisukuma neno hilo ni kaskazini. Bega lake lilikuwa upande wa kaskazini, akasukuma kama alivyosikia, ukazidi kwenda kusini. Baba akaona anabishiwa. Akafoka, "Nimesema sukuma!" Maskini fundi akasukuma kwa nguvu zote. Kabari zikaruka, mlingoti ukamwangukia Maduhu aliyekuwa akifunga kamba upande ule. Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika.

Mfupa utaunga. Ninayemhofia ni baba. Alisema, "Mdomo wangu umemvunja mwanangu," na tangu hapo hajatamka neno. Maduhu amemwambia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili kwamba hana kinyongo. Majirani wanasema tutambike, kanisani wanatuombea. Mimi nimekubali yote mawili.

Juzi Constantine na wavuvi wengine waliusimamisha mlingoti tena. Safari hii walining'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu ya mlingoti, wakagonga kabari taratibu, wakakaza kamba za pembeni, huku wakionyeshana kwa mikono tu. Hakuna aliyethubutu kusema sukuma. Wakaishusha mashua majini kuijaribu. Upepo ulipoingia kwenye tanga, mlingoti ukapinda na kamba za upande mmoja zikalegea, zikawa zinapigapiga. Baba akainuka. Tukangoja aseme. Akafungua mdomo, akaufumba. Kisha yeye, anayeogopa maji kuliko fisi, akaingia ziwani mpaka kiunoni, akaishika kamba moja iliyolegea, akamwonyesha Constantine kwa vidole aikaze kiasi gani. Niliona uchungu, kaka, nikalia mbele za watu.

Mlingoti sasa umenyooka. Baba bado bubu.

Mwandikie, nami nitamsomea. Usimpe pole, amezichoka. Muulize tu mama tulimzika upande gani wa nyumba. Jibu lake ni neno moja, nawe unalijua. Nataka nimsikie akilitamka tena.

Nisalimie wifi na watoto wote, na Mungu awafunike huko mliko. Maduhu anakusalimu kwa mkono mmoja, Constantine naye anakusalimu ingawa hakujui. Ningeandika kwamba baba pia anakusalimu, ila hajasema.

Ni mimi dada yako nisiyechoka kukupenda,
Wilhelmina