Plagi Mbili Nyuma ya Kompyuta

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Isaka hatujambo. Babu yako sasa anatembea bila fimbo, na mpunga tumeshaanika.

Umeniuliza kwa nini kibodi na kipanya cha ile kompyuta kuukuu ya shuleni kwenu vimegoma vyote. Izime kwanza, uangalie nyuma. Plagi za kibodi na kipanya zinafanana, huenda kila moja imechomekwa kwenye tundu la mwenzake. Zibadilishe, kisha uiwashe.

Hilo nililijua miaka ya tisini, nikiwa karani wa ofisi ya mizigo. Kwa vumbi la malori, kila jioni nilichomoa nyaya na kuifunika kompyuta kwa kitenge. Asubuhi moja ikagoma. Bila hata kuangalia, nikamwambia bosi kuwa Mama Kulwa, mfagizi wetu, ameimwagia maji.

“Dada, mimi sikuigusa,” aliniambia. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Fundi alipofika kutoka Shinyanga alibadilisha plagi tu, ikafanya kazi. Aliyezichomeka asubuhi ile ni mimi. Nikanyamaza.

Mama Kulwa tunasali naye. Kila Jumapili hunishika mkono, akaniuliza habari zako, na mpaka leo sijamwambia.

Bibi yako