Nitumie Yaliyoungua

Mama, shikamoo.

Kifua kinasemaje? Mama mdogo Perusi kaniambia bado unakohoa, na wewe ukiulizwa unasema ni moshi tu. Nenda zahanati, mama. Mimi ni mzima. Joto la Dar es Salaam ni lile lile, na kazi ya maabara ipo.

Dumu limefika. Asante, lakini umeniponza. Nilikuomba mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki hapo mwaloni kando ya ziwa, yale meusi mnayomwagaga mchangani. Nikawatangazia watu wote kazini kwamba mzigo unakuja. Bosi wangu, Daktari Salma, akafungua mwenyewe: mafuta ya pamba ya Bunda, mapya, yanang'aa. Na kikaratasi chako juu yake, "Mimi mtoto wangu simtumii masalia. Kama una njaa sema." Walicheka hao. Nikaenda chooni nikalia, maana najua uliyahangaikia huku unaumwa.

Sina njaa, mama. Wanaokula mafuta ni bakteria. Ndiyo, wadudu wale wale unaosemaga wanaleta magonjwa, ila hawa wetu hawana neno na mtu. Tunawapa mafuta machafu wananenepa, na unene wao ni plastiki. Tukiitoa na kuitandaza inakuwa kama mfuko laini, na ukiifukia ardhini inaoza. Daktari anataka itumike kutengeneza viriba vya kuoteshea miche. Nilipomwambia kwetu panaitwa Kiriba alidhani namtania. Wadudu wengine wanatoa maji yenye povu kama sabuni. Nimefulia shuka, imetakata.

Sasa shida iko hapa. Daktari anasema mafuta ya kukaangia samaki yameungua mno, wadudu watayasusa. Mimi nikabisha. Yakifaa, kituo kidogo cha maabara kinafunguliwa Musoma, hapo jirani na nyumbani, na mimi ndiye napelekwa. Yasipofaa, kituo kinakwenda Morogoro, na mimi nakwenda nacho. Basi nikanunua sato, nikakaanga kwa mafuta yako siku tatu nyuma ya maabara mpaka yakawa meusi tii. Wenzangu walikula mpaka wakaomba ugali. Na wadudu nao wamekula, mama. Kesho yake chupa ilikuwa nyeupe kama uji. Daktari akachungulia kwenye hadubini, akaniita na mimi nione walivyojaa.

Lakini akasema, "Haya umekaanga wewe, Nyangeta. Nataka ya kina mama wenyewe, kabla mwezi haujaisha."

Ndiyo maana nimeandika, kwenye simu huwa unanikatisha. Dumu tupu nimelirudisha kwa basi pamoja na barua hii. Lijaze yako na ya wenzako. Usiyachuje, usiyachanganye na mapya, na usione haya. Hakuna atakayesema mama Nyangeta kamdharau mwanawe.

Msalimie babu, mwambie dawa ya macho naitafuta. Msalimie mama mdogo Perusi na mjomba fundi mitumbwi. Shemeji yangu mwalimu mwambie simu yake haipatikani.

Nimechoka kukuuliza kifua kwa simu. Nataka nikusikie ukikohoa chumba cha pili, niamke nikuchemshie maji. Ukinitumia mafuta masafi tena, mama, nitakwenda Morogoro.

Mwanao anayetaka kurudi,
Nyangeta