Mama Atabaki na Ng'ombe

Machochwe, Serengeti

Shikamoo kaka Nyangwine,

Habari za Dar es Salaam? Huku mvua imenyesha vizuri, ila tembo wamemaliza mahindi yote ya bondeni.

Nilikulaumu sana ulipotuacha mimi na mama. Sasa nami nakuja. Daktari amesema moyo wa mwanangu Gati una tundu, na upasuaji unafanyika huko huko Dar. Utupokee Jumamosi.

Jana nilimweleza mama akiwa anakamua. Nikasema, "Gati akipona tutarudi."

Hakugeuka. Akajibu, "Nenda, mwanangu. Hata kaka yako aliondoka kwa sababu nzuri."

Kaka, sikuthubutu kumwambia kwamba nimeshamwomba wifi anitafutie kazi huko.

Mdogo wako,
Tabitha