Kiwambo Kilikauka Nikiongea na Dada

Tarehe tatu Juni, mwaka wa thelathini na nane tangu mimi na mke wangu tukimbie kwetu.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kufungua mdomo, maana mimi ni mzee wa maabara, kazi yangu ni kupima ugumu wa viwambo vya masikio ya mbuzi, vichwa tunaletewa kutoka machinjioni, nami hupuliza hewa kidogo nyuma ya ile ngozi nyembamba na kuitazama kwa kamera ikituna polepole, inang'aa kama lulu, na mchana kukiwa kimya naona kama sikio lile bado linasikiliza, nami nasikia humo uwanja wa kwetu ukifagiliwa na dada yangu mkubwa aliyebaki huko, ambaye juzi alinipigia simu nikiwa kazini akasema, "Mdogo wangu, masikio yangu yanaondoka. Njoo uongee nami nikiwa bado nakusikia. Chumba chako nimekipaka chokaa tena. Au mbuzi wanakuhitaji kuliko mimi?" nikacheka, nikajibu kama kila mwaka, "Nikimaliza vipimo hivi, dada," huku moyoni najua sivyo, kwa sababu mke wangu nimemzika hapa na wajukuu wangu wanaota kwa lugha ya hapa, na katika kuongea nikasahau kukidondoshea kiwambo maji ya chumvi, kikakauka, kikawa kigumu kama karatasi, mkuu wangu akatazama skrini akasema, "Babu, mbuzi wako amezeeka ghafla?" nikakilowesha, kikalegea, lakini vipimo vyake sikuviamini tena. Nifanyeje?

Mpima Masikio

Shikamoo, mzee wangu. Nimetanguliza heshima kwa sababu nakuja kukukaripia.

Pole kwa ugeni mrefu. Si jambo dogo. Lakini dada yako anaomba neno la kweli, wewe unamdondoshea "nikimaliza" mwaka hadi mwaka, naye anapaka chokaa chumba cha mtu asiyekuja. Unauita upole. Ni woga. Mbuzi wako wameshakufa, hawana haraka. Dada yako anayo.

Mpigie leo, ukiwa umekaa, mbali na kazi. Usipige kelele: masikio ya uzeeni hushika vizuri zaidi sauti nene, ya polepole. Sema mara moja kwamba huji, bila "labda". Akilia, usikate simu. Kisha mwambie chumba kile ampe anayekihitaji.

Mshauri, nimempigia. Nilisema kwa sauti nene, polepole, kama ulivyoniagiza. Nikasikia ufagio ukiwekwa chini. Halafu akasema, "Nimesikia, mdogo wangu."

Sitarudi.